"Kitu kikilipuka, wewe ndiye wa kwanza kushikwa"

Msomaji mmoja wa Umoja, Nairobi, ameniandikia hivi:

"Nina ploti ya vyumba kumi na vinne. Mwezi jana nilimpangisha mama Msomali mwenye watoto wanne. Alilipa kodi ya miezi mitatu mbele, pesa mkononi. Sasa wapangaji wengine hawana raha. Wanasema wageni wanamjia usiku, mumewe haonekani, na pesa hazijulikani anazitoa wapi. Mwenyekiti wetu wa Nyumba Kumi ameniambia kitu kikilipuka hapa, mimi ndiye wa kwanza kushikwa. Sijaona ubaya wake. Kitindamimba wake hushinda kwangu akitazama katuni. Lakini wakili, usiku silali. Nimtoe? Na kweli mkimbizi anaruhusiwa kukaa Nairobi, au wote wanatakiwa kambini?"

Mama, pole kwa kukosa usingizi. La sheria nitalijibu, ila nina swali langu kwanza: umejuaje kuwa ni mkimbizi? Katika barua yako hakuna mahali ulipoandika kwamba ulimwomba kitambulisho. Umeandika Msomali, mistari michache baadaye Msomali amegeuka mkimbizi, na barua haijaisha mkimbizi amekaribia kuwa bomu. Sikulaumu. Nimewaona watu wenye sare na mafunzo wakiziruka hatua hizo mbili bila kutazama wanapokanyaga.

Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu Wakenya Wasomali zaidi ya milioni 2.7. Mpangaji wako anaweza kuwa mzaliwa wa Wajir au Garissa, mwenye kitambulisho kama chako. Wasomali wa ng'ambo ya mpaka huwatania hawa wa kwetu kwa jina "Sijui", kwa sababu ya Kiswahili chao. Hapa Nairobi hao hao Sijui huitwa wariahe na kuambiwa warudi kwao. Hawana upande ambao wanaaminika moja kwa moja.

Na jambo hili halikuanza na mabomu. Baada ya vita vya shifta vya 1963 hadi 1967, vya Wasomali waliotaka kujitenga na Kenya, Kaskazini Mashariki iliendelea kutawaliwa kwa sheria za hali ya hatari kwa miaka mingi. Mwaka 1989 serikali iliwaamuru Wakenya Wasomali, na wao tu, wapite mbele ya kamati kuthibitisha uraia wao. Waliopita walipewa kadi ya waridi ya kutembea nayo pamoja na kitambulisho. Hiyo ni miaka miwili kabla ya kambi za Dadaab kufunguliwa, na Al-Shabaab bado hawajakuwepo. Wakimbizi walipoanza kumiminika mwaka 1991, serikali ya Siad Barre kule Somalia ilipoanguka, walikuta shuku imekwisha kutandikiwa mkeka. Wao walirithi tu.

Ipo mikanganyiko mingine ambayo mwenyekiti wako huenda hajaisikia. Ukame ulipopiga Garissa, familia za Kikenya zilizokosa chakula ziliingia Dadaab na kujiandikisha kama wakimbizi ili wapate mgao. Watoto wakatolewa alama za vidole pamoja na wazazi. Walipofika miaka kumi na minane na kwenda kuomba kitambulisho, mashine ikasema: wewe ni mkimbizi. Maelfu ya Wakenya wamekaa hivyo miaka na miaka, hawawezi kupiga kura, kufungua akaunti wala kusajili laini ya simu kwa jina lao. Nimekaa na kijana wa aina hiyo, shangazi yake ni mwalimu wa serikali, babu yake alipigana kwenye jeshi la Mwingereza, na yeye kwa kompyuta ni mgeni.

Sasa tuzitazame dalili za majirani wako moja baada ya nyingine, maana hizo ndizo zilizokunyima usingizi. Simjui mpangaji wako. Nakueleza ninayoyaona kazini.

Pesa mkononi, miezi mitatu mbele. Wateja wangu wengi Wasomali hulipa hivyo kwa sababu mwenye nyumba huwadai hivyo. Mkamba akija anaombwa dipoziti na mwezi mmoja, Msomali anaambiwa miezi mitatu au sita, na analipa kwa sababu ameshafukuzwa milango minne kabla ya wako. Kisha malipo hayo hayo yanakuwa ushahidi dhidi yake: pesa zote hizi anazitoa wapi? Mara nyingi zinatoka kwa dada aliye Minneapolis au shemeji aliye Uswidi, zinapita kwa hawala, yaani mawakala wa kutuma pesa, na zinafika taslimu kwa sababu benki haimfungulii akaunti mtu ambaye hati yake imepitwa na tarehe. Mwezi Aprili 2015, baada ya shambulio la Garissa, serikali ilisimamisha leseni za kampuni kumi na tatu za hawala kwa mkupuo. Mnamo Juni ikazirudisha. Katikati ya hapo wajane waliokuwa wakiishi kwa dola mia moja za mwezi walikopa unga dukani.

Wageni usiku. Anayefanya kazi kwenye maduka ya Isili, yaani Eastleigh, hufunga saa mbili au saa tatu, apande matatu, afike kwa ndugu yake saa nne. Kuna na sababu nyingine: mwenye wasiwasi na hati zake hapendi kutembea mchana pale polisi wanaposimamisha watu. Huchagua saa ambazo macho ni machache, na macho machache yaliyobaki humwona mshukiwa.

Mume haonekani. Anaweza kuwa Dadaab, kaburini Kismayu, au Marekani akisubiri faili ya familia isogee. Nina wateja ambao faili zao zilisimama Januari 2017 pale Trump alipowafungia mlango raia wa Somalia, na watoto waliokuwa wachanga kwenye picha za maombi sasa wanafuga ndevu. Na anaweza kuwa amemwacha tu, Mama. Wanaume huacha wake zao katika kila kabila, na bado chumba cha mama mlezi wa Kikikuyu hakijawahi kuletewa mwenyekiti wa Nyumba Kumi.

Hapo hapo Umoja, na Kayole jirani, wapo Wakongo wengi. Wengine ni wakimbizi, wanatembeza vitenge na kuimba kwaya Jumapili, na wengi wao hati zao zina matatizo yale yale ya Msomali. Wanapata taabu zao, wanaombwa kitu kidogo na polisi sawasawa. Lakini sijapata barua hata moja inayoniuliza kama Mkongo atalipuka. Kwa hiyo hofu ya majirani wako haifuati hati. Inafuata buibui na jina.

Utaniambia: wakili, mabomu yalikuwa ya kweli. Yalikuwa ya kweli. Jengo la maduka la Westgate, tarehe 21 Septemba 2013, walikufa watu 67. Mimi mwenyewe nilizika rafiki mwaka huo, kwa hiyo sitakuambia hofu yako ni ya kubuni, wala sitakuapia kwamba hakuna mkimbizi hata mmoja aliyewahi kuwasaidia wauaji. Al-Shabaab ni kundi la Kisomali, na wavamizi wa Westgate walikuwa Wasomali. Mmoja wao alikulia Norway.

Lakini fuata majina mengine. Chuo Kikuu cha Garissa, 2 Aprili 2015, watu 148. Siku chache baadaye Naibu Rais wa wakati huo, William Ruto, alilipatia shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi muda wa miezi mitatu lihamishe Dadaab, la sivyo serikali ingeihamisha yenyewe. Mmoja wa wauaji alipotambuliwa, alikuwa Mkenya, mhitimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi, mtoto wa chifu kutoka Mandera. Baba yake alikuwa ameshapiga ripoti kwamba mwanawe amepotea.

Halafu hoteli ya Dusit, Nairobi, 15 Januari 2019, watu 21. Hii isome kama mwenye ploti. Aliyejilipua alikuwa kijana wa Mombasa. Aliyeongoza kundi alikuwa mtoto wa mwanajeshi wa Kenya, na kabla ya shambulio alikuwa mpangaji. Alikuwa amekodi nyumba Muchatha, Kiambu, akiishi na mkewe kama mume na mke wengine wowote, majirani wakiwaona wakiingia na kutoka. Angekuja kwako na jina lake na Kiswahili chake cha kwetu, ungempa ufunguo siku hiyo hiyo, na mwenyekiti angemwamkia.

Hilo ndilo linalonisumbua katika shuku hii, zaidi hata ya uonevu wake. Inachosha macho ya mtaa mzima kwenye mlango mmoja, na wale waliotuua walipita milango mingine.

Tumeshalijaribu hili kwa kiwango cha taifa. Mwisho wa Machi 2014 maguruneti yaliua watu sita Eastleigh. Mwezi Aprili ukaanza Usalama Watch: maelfu ya polisi, msako nyumba kwa nyumba, watu wapatao 4,000 wakakamatwa, wengi wakapelekwa kuchujwa kwenye uwanja wa Kasarani. Zaidi ya mia tatu walipakiwa kwenye ndege kwenda Mogadishu. Mamlaka ya kuwasimamia polisi, IPOA, ilichunguza na kueleza seli zilizofurika na malalamiko ya hongo. Kabla ya hapo, msako wa mwisho wa mwaka 2012 na mwanzo wa 2013 ulikuwa umewapa wakaazi wa Eastleigh jina jipya midomoni mwa makarao: waliitwa ATM.

Nilikuwa nikizunguka vituo siku hizo. Katika kimoja, ambacho sitakitaja, nilikuta mama mwenye kadi halali ya mkimbizi, tarehe yake bado ina miezi minane. Afisa aliishika kadi, akaipindua, akaniambia kwa upole kabisa: "Wakili, hii inaweza kuwa ni feki." Nikamuuliza tuiangalieje. Akasema hana mashine. Binamu ya yule mama alifika baadaye na shilingi elfu tano, na kadi ikawa halali.

Na matokeo ya msako? Juni 2014, Mpeketoni, watu zaidi ya sitini. Novemba, basi la Mandera, abiria 28. Desemba, machimbo ya Mandera, wafanyakazi 36. Aprili mwaka uliofuata, Garissa. Kasarani haikuzuia hata moja, wala sielewi ingezuiaje, maana waliofagiwa walikuwa wauza chai na washona nguo.

Nikufikishe kwenye kiini. Wengi wetu huamini kwamba mtu asiye na hati amekataa kuwa na hati. Kwa mkimbizi wa Somalia mambo ni kinyume. Kwa miaka mingi usajili wa wanaofika Dadaab ulisimamishwa. Mwaka 2016 serikali iliondoa utaratibu uliokuwa ukimtambua Msomali kuwa mkimbizi mara anapofika, ikavunja na idara iliyokuwa ikishughulikia wakimbizi. Usajili Dadaab ulirejea mwaka 2023. Sasa mchukue mama aliyevuka mpaka mwaka 2018 na watoto mgongoni. Alifika dirishani, dirisha limefungwa. Kambini hana kadi ya chakula, kwa hiyo anakuja mjini kutafuta kibarua. Mjini anakamatwa kwa kukosa karatasi ambayo aliyemkamata ndiye aliyepaswa kumpa. Akikimbia polisi, ana hatia. Akitoa hongo, ni mhalifu mwenye pesa. Akikaa ndani kimya, ana siri.

Hata mahakama ikimsafisha, haitoshi. Oktoba 2020, katika kesi ya Westgate, washtakiwa wawili walipatikana na hatia na mmoja, mkimbizi, akaachiliwa huru baada ya kukaa rumande miaka saba. Siku iliyofuata, akitoka ofisi za polisi wa kupambana na ugaidi, watu wenye silaha walimtoa kwenye gari na kuondoka naye. Familia yake iliachwa ikizunguka vituo vya polisi ikimtafuta.

Sasa sheria. Ulichosikia, kwamba wote wanatakiwa kambini, kina nusu ya ukweli. Sheria ya Wakimbizi ya 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, inaruhusu serikali kutenga maeneo ya wakimbizi kukaa, na kwa vitendo hayo ni Dadaab na Kakuma. Anayetoka anahitaji pasi. Lakini wapo makumi ya maelfu ya wakimbizi na waomba hifadhi ambao serikali yenyewe imewaandikisha wakiwa Nairobi na kuwapa hati. Hao hawakuvunja uzio wa mtu. Serikali imejaribu zaidi ya mara moja kuwahamishia wote kambini. Desemba 2012 ilitoa amri ya jinsi hiyo, na Julai 2013 Jaji David Majanja wa Mahakama Kuu akaifuta. Sheria ya usalama ya mwisho wa 2014 ilitaka wakimbizi nchini wasizidi 150,000, wakati Dadaab peke yake ilikuwa na zaidi ya hao mara mbili. Mahakama ikakifuta kifungu hicho Februari 2015. Mwaka 2016 ikatangazwa kwamba Dadaab inafungwa, na Februari 2017 Jaji John Mativo akasema hapana, huko ni kuwaadhibu watu kwa kundi lao. Kesi hizi zilibeba swali moja: ushahidi uko wapi kwamba watu hawa, kwa sababu tu ni wakimbizi, ndio tatizo? Na mara hizo serikali haikuuleta wa kutosha. Tangu Machi 2025 sera rasmi imegeuka, ule mpango uitwao "Shirika" unaotaka kambi ziwe miji ya kawaida inayochanganya wenyeji na wakimbizi. Tutaona.

Wewe binafsi, ufanye nini?

Mwombe kitambulisho, kwa adabu, ukimweleza kwamba unaomba kila mpangaji. Kisha uombe kweli kila mpangaji, ukianza na hao wanaolalamika, maana nina hakika nusu yao hujawahi kuona kadi zao. Kama ni Mkenya, mazungumzo yamekwisha. Kama ni mkimbizi, atakuwa na kadi, au barua ya kuonyesha ameandikishwa na anasubiri. Chukua nakala. Hati ikiwa imepitwa na tarehe usiruke. Foleni za kuhuisha ni ndefu na tarehe hupita mtu akiwa kwenye foleni. Mwelekeze kwa Idara ya Huduma za Wakimbizi, au kwa Kituo cha Sheria, ambao wana mawakili wa kazi hiyo na hawatozi.

Kama hana karatasi yoyote, sitakuficha: sheria ya uhamiaji inamgusa anayemweka mtu akijua yuko nchini kinyume cha sheria. Ila anayeomba hifadhi si mtu wa namna hiyo, na njia ya kujikinga nyinyi wawili ni kumpeleka akaandikishwe, mapema, akiwa na wakili. Ukimtupa barabarani hutajikinga na chochote. Utamhamishia tu kwenye ploti ambayo mwenyewe haulizi kitu.

Kumtoa kwa sababu ni Msomali, hapo utavunja Katiba wewe. Kifungu cha 27 hakiikatazi serikali pekee kubagua. Kinamkataza na mtu binafsi. Ukitaka chumba chako kwa sababu halali, mpe notisi ya maandishi kama ambavyo ungempa mwingine, na usitie kufuli mlangoni. Polisi wakimchukua, wana saa 24 kumfikisha mahakamani. Andika jina la kituo na namba ya afisa, basi. Usitoe pesa, hata kama wanakuambia ni ya mafuta ya gari.

Kuhusu mwenyekiti. Nyumba Kumi ilianzishwa baada ya Westgate ili majirani wajuane. Haikupewa mamlaka ya kuhamisha mtu. Akirudi na maneno yale, mpe kalamu na karatasi. Aandike amemwona nani, akifanya nini, tarehe gani, halafu atie sahihi, nawe utamsindikiza kituoni kuipeleka. Kama kweli kuna aliyeona silaha au kusikia mipango, hiyo ni taarifa na inatakiwa ifike leo, awe mpangaji ni Msomali au Mluhya. Nimelitoa pendekezo hili kwa wenye nyumba kadhaa. Sijamsikia hata mmoja akiniambia kwamba karatasi ilijazwa.

Kabla hujaenda kumwomba yeye karatasi zake, kuna karatasi moja ambayo wewe hujataja. Alikupa kodi ya miezi mitatu mkononi. Ya ushuru wa mapato ya nyumba sikuulizi, hayo ni yako na KRA. Lakini polisi wakiingia na kumuuliza anaishi hapa kwa haki gani, hana cha kuwaonyesha isipokuwa neno lake. Mwandikie risiti, tia tarehe na sahihi, umpelekee kabla ya jua kuzama.